MAANDALIO YA KUZAA: KAZI YA MUME NA MKE PAMOJA

Watu husema ya kuwa mimba si ugonjwa, na neno hilo ni kweli. Wanawake wengi huzaa salama, wakapumzika, kisha wakarudia kazi zao. Lakini kweli hiyo imewaponza wengi. Kwa kuwa uzazi huonekana ni jambo la kila siku, watu hawaufanyii shauri lo lote mpaka uchungu umeanza. Na mambo yakiharibika usiku ule, ndipo wanapoanza kutafuta fedha, gari, tochi na ruhusa.

Somo hili lahusu miezi ile ya kabla ya usiku ule, na yale yanayowapasa mume na mke kuyatengeneza wakiwa wangali na nafasi ya kufikiri.

KUCHELEWA KWA NAMNA TATU

Mwaka wa 1994 mabibi wawili wataalamu, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walitoa maandiko juu ya vifo vya akina mama katika uzazi. Walionyesha ya kuwa nyuma ya vifo vingi pana kuchelewa, na kuchelewa huko ni kwa namna tatu. Namna ya kwanza ni kuchelewa kukata shauri nyumbani. Ya pili ni kuchelewa njiani. Ya tatu ni kuchelewa kupata matibabu baada ya kufika hospitali. Tangu wakati huo wakunga na madaktari wa nchi nyingi wamefundishwa habari za namna hizo tatu, lakini wanaohitaji kuzijua zaidi ni watu wa nyumbani, maana kuchelewa kwa kwanza kuko mikononi mwao kabisa, na kwa pili nusu yake.

Katika Kenya mambo yamekwenda mbele. Hesabu za serikali za mwaka wa 2014 zilionyesha ya kuwa katika kila watoto 100, watoto 61 walizaliwa hospitali au katika vituo vya afya. Hesabu za mwaka wa 2022 zilionyesha 82. Hata hivyo hesabu zile za mwaka wa 2014 zilikadiria ya kuwa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 362 walikufa kwa ajili ya uzazi.

Mwuaji mkubwa ni damu. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, na asipate matibabu, aweza kufa kwa muda wa saa mbili tu. Yafaa kila mume aupime muda huo kwa mambo anayoyajua mwenyewe. Je, katika muda wa saa mbili ndugu zake huwa wamekwisha kukusanyika? Mwenye gari huwa ameamka na kupatikana? Mara nyingi sivyo. Ndiyo sababu shauri la hatari hii halikatwi usiku wa hatari yenyewe.

NYUMBA MOJA NA HESABU YAKE

Mfano mmoja utaeleza jambo hili. Mke yuko Budalang'i, katika Kaunti ya Busia, mahali ambapo mto Nzoia umefurika mara nyingi wakati wa masika. Anakaa na mama mkwe wake. Mume anafanya kazi Nairobi, safari ya basi ya karibu usiku mzima. Hedhi ya mwisho ya yule mke ilianza tarehe 10 Julai.

Hesabu ya wakunga ni rahisi: huongeza siku 7, kisha huongeza miezi 9. Siku 7 baada ya 10 Julai ni 17 Julai. Na miezi 9 baada yake ni 17 Aprili. Ni watoto wachache tu wazaliwao siku ile ile iliyohesabiwa, maana mtoto hasomi kalenda. Lakini wengi huja kati ya wiki mbili kabla yake na wiki mbili baada yake. Basi nyumba hii yapaswa kuwa tayari tangu tarehe 3 Aprili.

Na Aprili ni katikati ya masika. Hapo ndipo hesabu inapoleta faida. Nyumba hii yaweza kujua tangu mwezi wa Septemba neno ambalo wengine hulijua wakiwa wamekwisha kupanda pikipiki: ya kuwa njia yao huenda ikafungwa na maji. Wakilijua mapema, wanazo njia za kufanya. Mke aweza kuhamia kwa jamaa wanaokaa karibu na hospitali, kabla ya mwisho wa Machi, akangojea huko. Jamaa hao waombwe mapema, kwa heshima, wasije wakashangaa kuona mgeni mwenye mzigo mlangoni. Tena mama mkwe ajue ni nani atakayetunza watoto wengine na ng'ombe wakati yeye atakapokuwa safarini na mkaza mwanawe.

Habari ya fedha nayo ni hesabu. Kutoka katikati ya Septemba mpaka mwisho wa Machi ni wiki 28. Nyumba ikiweka shilingi 150 kila wiki, itakuwa na shilingi 4,200. Fedha hizo si za karo wala si za mbegu, na ziwekwe mahali ambapo mke mwenyewe aweza kuzifikia: katika simu yake, au katika chama chake cha akina mama, pamoja na mapatano ya kuwa atapewa saa yo yote atakapoziomba. Akiba iliyomo katika simu ya mume aliye Nairobi, na simu yenyewe imezimika saa nane usiku, haimfai mtu aliye Budalang'i.

Pengine mtu atasema ya kuwa kuzaa katika hospitali za serikali hakulipiwi. Ni kweli ya kuwa mwaka wa 2013 serikali iliondoa ada hizo, na baadaye mpango uitwao Linda Mama uliwekwa chini ya NHIF. Lakini NHIF iliondolewa mwaka wa 2024, na kazi yake ikachukuliwa na SHA, ambayo humtaka mtu awe amejiandikisha. Mama aliyejiandikisha mapema, mwenye kitambulisho chake mkononi, hana maneno mengi mlangoni. Tena ada ya hospitali haikuwa gharama ya pekee siku zo zote: kuna nauli, chakula cha msindikizaji, na pengine dawa ambayo kituo kimeishiwa.

NENO LA RUHUSA

Hapa ndipo penye shida kubwa, na watu hawapendi kupataja.

Katika nyumba nyingi mke hawezi kuondoka bila neno la mumewe, au la mama mkwe, au la kaka mkubwa wa mume. Desturi hiyo ina heshima yake wakati wa salama. Lakini damu haingoji heshima. Mke anaona damu inamtoka. Mama mkwe anasema wangojee kidogo, maana yeye mwenyewe alizaa watoto wake wote nyumbani na hakupatwa na neno. Shemeji amekwenda matangani. Mume hapatikani kwa simu. Hapana hata mmoja katika watu hao anayemtakia mke mabaya. Kila mmoja anangojea mwingine aseme.

Dawa yake ni mume kutoa ruhusa kabla ya siku. Alitoe neno hilo waziwazi, mbele ya mama yake na ndugu zake, siku moja alipokuja nyumbani, watu wakiwa wameketi na wameshiba: ya kuwa mke wake akiona dalili za hatari, aondoke mara moja, asimngojee mtu ye yote, na ya kuwa yeye mwenyewe hatamwuliza mtu juu ya fedha zilizotumika, hata kama safari itaonekana baadaye kuwa ilikuwa ya bure. Maneno haya ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Wanawake wengi hukaa nyumbani kwa kuogopa kuambiwa ya kuwa wamepoteza nauli.

Mama mkwe naye asiwekwe kando kama mtu asiyejua kitu. Ameona mengi, na akina mama humsikia. Mume mwenye busara atamwomba yeye awe msindikizaji wa safari, na atamwonyesha dalili za hatari ili awe mlinzi wa kwanza. Hali kadhalika mkunga wa jadi wa kijiji. Kazi yake iliyo njema sasa ni kumfikisha mama kituoni na kukaa naye. Hana damu ya kumwongezea, wala kisu cha kumpasulia, na wengi wao hulikubali neno hilo wakiambiwa kwa adabu.

Dalili zenyewe si nyingi. Ya kwanza ni damu kutoka wakati wa mimba, hata bila maumivu. Ute ulio na damu kidogo mwanzo wa uchungu si neno. Damu inayotiririka ni neno kubwa. Nyingine ni kichwa kuuma sana pasipo kupoa, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, au maumivu makali chini ya mbavu. Hizo ni dalili za shinikizo la damu kupanda kwa ajili ya mimba, na mwisho wake waweza kuwa kifafa cha mimba. Mama akishikwa na kifafa, watu husema amepagawa, wakaenda kumtafutia mganga. Kumbe kuna dawa, magnesiamu salfeti, na tangu mwaka wa 2002 imejulikana kwa uchunguzi wa nchi nyingi ya kuwa dawa hiyo hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa nusu. Lakini dawa iko hospitali.

Mama asikawie pia akiona homa kali, au maji ya uzazi yanatoka kabla ya uchungu, au maji hayo ni ya kijani, au mtoto amepunguza kucheza tumboni. Mama aujuaye mwendo wa mtoto wake akisema ya kuwa leo hachezi kama kawaida yake, asiambiwe ya kuwa mtoto amelala.

KLINIKI

Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka wa 2016, limeshauri ya kuwa mama mwenye mimba aonwe na wahudumu wa afya mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya kutimia wiki 12. Wengi huenda mara ya kwanza mimba ikiwa imekwisha kuonekana na majirani wote. Hasara yake ni hii: shinikizo la damu hupimwa ili lilinganishwe na lile la kwanza, na asiyepimwa mwanzo hana cha kulinganisha.

Huko kliniki damu hupimwa wingi wake na kundi lake, pamoja na kaswende na virusi vya ukimwi. Mume yafaa apimwe pia. Mama mwenye virusi, akitumia dawa zake sawasawa, mara nyingi sana hupata mtoto asiye na virusi. Vidonge vya madini ya chuma hutolewa vya kumezwa kila siku, maana mama aliye na upungufu wa damu huangushwa na damu kidogo ambayo mwingine angeistahimili. Vidonge hivyo visimezwe kwa chai. Chai huzuia madini yale yasiingie mwilini. Choo kikiwa cheusi mama asiogope.

Katika nchi za malaria, kama vile kando ya Ziwa na Pwani, mama hupewa dawa ya kuzuia malaria tangu mwezi wa nne, kila aendapo, mradi umepita mwezi mmoja. Isipokuwa yule anayetumia septrini kila siku, huyo hapewi. Chandarua chenye dawa ni cha kulaliwa, si cha kufugia vifaranga. Tena katika miezi mitatu ya mwisho yafaa alale ubavu, wala asilale chali.

Jambo moja waulize wote wawili, mume na mke, kabla ya mwezi wa nane: kituo chetu chaweza kufanya nini? Dispensari nyingi zaweza kumzalisha mama asiye na shida, na kumzalisha vema, lakini hazina chumba cha upasuaji wala damu. Mama aliyepata kupasuliwa, mwenye mapacha, aliyepata kutokwa na damu nyingi katika uzazi wa mbele, au ambaye mtoto wake amekaa vibaya tumboni, huyo aende moja kwa moja penye vitu hivyo. Kuanzia dispensari kisha kuhamishwa usiku ni kujitafutia kuchelewa. Waulize pia nambari ya simu ya gari la wagonjwa la kaunti, wakaiandike ukutani kwa makaa ikiwa hapana kalamu. Na ndugu wawili watatu wenye afya wawe tayari kutoa damu, maana akiba ya damu hospitali hutoka kwa watu, haitoki dukani.

Majibu yote huandikwa katika Kijitabu cha Mama na Mtoto. Kijitabu hicho kisifungiwe sandukuni pamoja na hati za shamba. Kikae katika mfuko wa safari, pamoja na leso mbili tatu safi, pedi kubwa, sabuni, beseni dogo, nguo za mtoto na kofia yake, blanketi, kikombe, kitambulisho na chaja ya simu. Mfuko utundikwe mahali ambapo hata mtoto wa shule aweza kuuona gizani. Mwenye pikipiki au gari aambiwe mapema, wakubaliane nauli ya usiku. Na kwa kuwa naye huenda akawa safarini, awepo wa pili.

UCHUNGU WENYEWE

Mwanamke anayezaa mara ya kwanza huogopa zaidi jambo asilolijua. Yafaa aelezwe.

Wiki za mwisho tumbo hukazana na kulegea bila mpango. Huo si uchungu wa kweli. Mama akitembea kidogo au akinywa maji, hupoa. Uchungu wa kweli hauondoki kwa kutembea. Huja kwa mpango, ukazidi nguvu, ukazidi kukaribiana, na mara nyingi huanzia mgongoni. Msindikizaji achukue saa au simu, ahesabu kutoka mwanzo wa uchungu mmoja mpaka mwanzo wa pili. Kwa mimba ya kwanza, ukija kila dakika 5, ukadumu kama dakika moja, na hali hiyo ikaendelea muda wa saa nzima, wakati wa kwenda umefika. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu aliye karibu. Aliye mbali, au aliyepata kuzaa mbele, aondoke mapema zaidi, maana mtoto wa pili na wa tatu huja upesi.

Ndani ya mwili kazi ni hii: mlango wa kizazi, uliokuwa umefungwa muda wote wa mimba, hufunguka mpaka upate upana wa sentimeta 10. Mwanzo wake, mpaka kufikia sentimeta 5, huweza kuwa polepole sana, na mama asikate tamaa. Zamani wakunga walifundishwa ya kuwa mlango huo hauna budi kufunguka sentimeta moja kila saa. Lakini mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema ya kuwa wako wanawake wazima wasioufikia mwendo huo, na kipimo hicho peke yake kisiwe sababu ya kuwaharakisha. Baada ya sentimeta 5 mwendo huongezeka. Mama wa mara ya kwanza kwa kawaida hatapita muda wa saa 12 toka hapo mpaka mlango kufunguka wote. Kisha huja kusukuma.

Dawa za miti za kuongeza uchungu ni hatari kubwa. Hapana ajuaye kipimo chake. Tumbo la uzazi likikazwa kupita kiasi, mtoto hukosa pumzi, na tumbo lenyewe laweza kupasuka. Kukandamiza tumbo kwa nguvu kuna ubaya huo huo. Mama aliyekwisha kunywa dawa hiyo amwambie mkunga waziwazi, na mkunga mwema hatamkaripia, maana karipio ndilo liwafanyalo watu wafiche.

Wakati wa uchungu mama atembee, asimame akiegemea, apige magoti, akae apendavyo. Kulala chali siku nzima hakumsaidii. Anywe maji au uji mwepesi. Uchungu ukija, avute pumzi polepole kwa pua, aitoe polepole kwa kinywa, alegeze mabega na taya. Asisukume kabla ya kuambiwa. Zoezi hilo afanye nyumbani tangu mwezi wa saba, jioni, na mumewe au dada yake amhesabie. Huenda watoto wakacheka. Si kitu.

Na asiwe peke yake. Uchunguzi mwingi umeonyesha ya kuwa mama aliye na mtu wake karibu muda wote, wa kumshika mkono na kumsugua mgongo, huzaa kwa muda mfupi zaidi na hupasuliwa mara chache zaidi. Mtu huyo aweza kuwa mume, mama au rafiki, kwa chaguo la mama mwenyewe. Vituo vingine havina nafasi ya kuwapokea wanaume kwa sababu vitanda vimekaribiana. Basi waulize mapema, wasifike na ugomvi.

DAMU, NA MTOTO

Mtoto akiisha kuzaliwa, watu hushangilia, na macho yote humgeukia yeye. Lakini saa ile ndiyo saa ya kumwangalia mama. Mkunga humpiga sindano ya oksitosini ili tumbo la uzazi likaze na kondo la nyuma litoke. Hii ni sababu moja kubwa ya kuzalia kituoni.

Damu ikifika nusu lita, yaani kama chupa ile ya soda ya plastiki iliyo ya kawaida dukani, imekwisha kuitwa nyingi. Shida ni kuwa damu iliyomwagika juu ya shuka haipimiki kwa macho. Mwaka wa 2023 yalitolewa majibu ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Wakunga waliwatandikia akina mama mfuko wa plastiki wenye alama za kipimo, na damu ilipozidi waliwatibu mara moja kwa dawa zote pamoja, badala ya kujaribu moja, kisha kungoja, kisha kujaribu nyingine. Shida kubwa za damu zilipungua kwa 60 katika kila 100. Wakunga walikuwa wale wale. Kuchelewa ndiko kulikopunguzwa.

Jamaa nao wana haki ya kusema. Wakiona nguo zimelowa mara kwa mara, au mama anatetemeka, amepauka, anasema anazimia, wamwite mkunga bila haya, hata kama ana kazi nyingi. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, yasema ya kuwa mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Tena mama asiondoke kituoni kabla ya kutimia saa 24, hata akijiona mzima.

Mtoto naye apanguswe awe mkavu, awekwe juu ya kifua cha mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Anyonye kabla ya kupita saa moja. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano ambayo wengine huyakamua na kuyamwaga, ni chakula na kinga. Asipewe maji, wala sukari, wala uji, kwa miezi 6. Asiogeshwe siku ya kwanza. Kitovu kisipakwe samadi, majivu wala mate. Kipakwe dawa ile tu iliyotolewa kituoni. Mtoto anayekataa kunyonya, aliye na homa au baridi, au anayehema mbio, arudishwe siku ile ile.

Hapo ndipo mume wa Nairobi anapohitajiwa nyumbani. Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007 humpa baba aliyeajiriwa wiki mbili za mapumziko kwa mshahara kamili, na mama aliyeajiriwa miezi mitatu. Baba asizitumie wiki hizo kupokea pongezi. Kuna maji ya kuteka, kuni za kupasua, na watoto wakubwa wa kupeleka shule. Na kuna mke ambaye yapasa aangaliwe kwa homa, kwa usaha unaonuka, kwa damu inayorudi, na kwa huzuni isiyoondoka, maana hiyo nayo ni dalili ya kupelekwa kwa daktari.

Chanjo ya kifua kikuu na ya polio hutolewa mara baada ya kuzaliwa. Mama na mtoto huonwa tena wiki ya 6, ambapo chanjo nyingine huanza, zikafuatwa na zile za wiki ya 10 na ya 14. Tarehe zake huandikwa katika kijitabu kile kile kilichokuwa katika mfuko.